Besi Isikike

Ukienda kumtembelea Radi, usikae kiti cha kati. Wanaomjua walishajifunza. Kiti hicho kimewekwa sawasawa kati ya spika mbili kubwa, na anayekikalia hapewi hata maji ya kunywa kabla hajamaliza upande wa kwanza wa *Tanuri*. Radi husimama nyuma ya mgeni wake, mkono mmoja begani kwake, kidole cha mkono wa pili kimenyanyuliwa hewani.

"Sikiliza hapo," husema. "Hapo gitaa linapopanda. Umesikia besi?"

"Sijaisikia," mgeni hujibu kwa aibu, akidhani masikio yake ndiyo yenye kasoro.

"Basi ndiyo habari yenyewe."

Habari yenyewe ilikuwa na umri wa miaka arobaini na mitano. Enzi hizo vijana wanne wenye nywele nyingi na suruali za kubana walianzisha bendi ya roki, ile roki nzito ya kutoboa masikio, wakajiita Nyundo Nne. Walitoa albamu moja tu, wakagombana, wakaachana. Radi ndiye aliyepiga gitaa la besi, na hilo jina la Radi alijipa mwenyewe, maana hakutokea mtu mwingine wa kumpa. Gitaa la solo lilipigwa na kaka wa mchumba wake, yaani shemeji yake, na shemeji huyo ndiye aliyekaa na fundi studio kuchanganya sauti wakati wenzake wameshakwenda zao. Albamu ilipotoka, mwimbaji alisikika, ngoma zilisikika, gitaa la shemeji lilisikika mpaka mtaa wa pili. Besi haikusikika hata kwa dawa.

Tangu siku hiyo Radi hakuambilika. Alisoma mita za maji miaka thelathini na moja, akalea mapacha, akastaafu, na katika yote hayo hakuacha kusimulia jinsi shemeji yake alivyomwonea wivu. Alisimulia kwenye harusi, kwenye misiba, na kwenye foleni ya benki. Hata mbele ya shemeji mwenyewe alimwambia mtu aliyeketi kati yao, "Huyu unayemwona ndiye aliyenizika nikiwa hai." Shemeji alikuwa anacheka kidogo na kumsogezea sahani. Radi aliichukua ile sahani kama ushahidi zaidi wa hatia.

Na mke wake, Mama Pacha, alikuwa na jibu moja tu kwa kesi nzima. "Kunywa chai yako, Baba Pacha, inapoa."

Sasa hii *Tanuri* ilikuwa imeshatolewa upya mara nne. Ilitolewa kwenye kaseti, ikatolewa kwenye diski. Likaja Toleo la Dhahabu, ambalo dhahabu yake ilikuwa kwenye herufi za jaladani, na likaja Toleo la Mwisho, ambalo halikuwa la mwisho. Kila mara walisema sauti imesafishwa, na kila mara kusafisha kulikuwa na maana ya kupandisha, mpaka ikafika mahali wimbo wa polepole wa kumbembeleza msichana ulikuwa unavunja glasi. Wanunuzi walikuwa walewale miaka yote, wazee wenye vitambi na magoti mabovu, watu ambao wangenunua hata kile kimya cha katikati ya nyimbo kama kingetangazwa kwamba kimesafishwa.

Toleo la tano lililetwa na mkurugenzi mmoja kijana. Alifika kwa Radi amevaa fulana ya Nyundo Nne iliyochakazwa kiwandani, ili ionekane imevaliwa miaka ambayo yeye hakuwa amezaliwa. Akakaa kiti cha kati. Akasikilizishwa. Akatikisa kichwa kwa uchungu mahali pote panapostahili, kwa sababu alikuwa mfanyabiashara mzuri.

"Mzee," alisema, "sisi hatuuzi muziki. Tunauza kumbukumbu."

Kumbukumbu zenyewe zilikuwa kwenye sanduku lenye uzito wa mtoto wa miezi sita. Ndani kulikuwa na santuri nne, kitabu cha picha, kitambaa cha kufutia santuri, kipande cha waya kilichosemekana kuwa cha studio ile ya zamani, na cheti kinachothibitisha kwamba kile kipande cha waya ni kipande cha waya. Zilihitajika saini nne. Mjane wa mwimbaji alishasaini. Mpiga ngoma, ambaye siku hizi anauza miwani, alisaini bila kusoma. Shemeji alisaini. Alibaki Radi.

Radi akaona siku yake imefika. Alichukua kalamu, na chini kabisa ya mkataba akaandika kwa mkono wake mwenyewe, kwa herufi kubwa: BESI ISIKIKE. ISIKIKE KULIKO GITAA. Ndipo akasaini.

Mkurugenzi alisoma mara mbili. Uso wake ulichangamka kama wa mtu aliyeokota kitu barabarani na hakuna anayemwangalia. Wiki hiyohiyo tangazo likatoka: *Tanuri. Sasa Radi Anasikika.*

Kichwa kilimvimba mzee wa watu. Alilionyesha lile tangazo kwa kinyozi, kwa muuza dawa, kwa dereva aliyemsimamisha makusudi. Akamtumia shemeji yake pia, bila salamu. Jibu likaja baada ya saa nzima: *Hongera shemeji. Una hakika lakini?*

"Umeona?" Radi alimwambia mke wake, akimsogezea simu usoni. "Ameanza kutetemeka. Anajua ukweli unakuja."

Mama Pacha aliusoma ule ujumbe muda mrefu kuliko urefu wake. "Kama bado unaweza kuliacha hili jambo," alisema, "liache."

"Niliache? Nimengoja maisha yangu yote."

"Nimesema tu."

Studio ilikuwa ghorofa ya pili, juu ya duka la mbao, chumba kimoja kisicho na dirisha, kimezibwa kuta kwa magodoro meusi. Fundi wa sauti alikuwa mwanamke wa makamo, miwani imepandishwa kichwani, mchache wa maneno. Alimwonyesha Radi kanda yenyewe ya albamu ile, pana, ya rangi ya kahawia, imezungushwa kwenye gurudumu la chuma.

"Nimeioka," alisema.

"Umeioka?"

"Kwa muda wa saa nane, kwa moto mdogo, kwenye mashine ya kukaushia matunda. Kanda za zamani hunata, mzee. Usipozikausha, zinabanduka zikipita kwenye mashine na sauti yote inabaki unga."

Kisha akaeleza kwamba kwenye kanda hiyo kila chombo kina njia yake, kama ndugu wanaolala chumba kimoja kila mtu na kitanda chake, na kwamba yeye anaweza kumwamsha amtakaye na kuwaacha wengine wamelala. Radi alivuta kiti, akakaa katikati ya spika.

"Tuanze na vyote pamoja," fundi aliuliza, "au besi peke yake?"

"Besi peke yake."

"Una hakika?"

"Mbona kila mtu ananiuliza swali hilo?"

Fundi akabonyeza. Mwanzoni palikuwa na mvumo wa waya. Halafu ngoma zikahesabu kwa mbali, moja, mbili, tatu, nne, na besi ikaingia. Iliingia baada ya nne kupita, ikihema, kama mtu anayewakimbilia wenzake huku anafunga viatu.

Radi alisubiri ijirekebishe. Haikujirekebisha.

"Hii kanda imevutika," alisema. "Ni huko kuoka kwako."

Fundi alipandisha ngoma kidogo. Ngoma zilikuwa zimenyooka kama rula. "Ziko kwenye kanda hiyohiyo," alisema taratibu.

Wimbo wa pili ulikuwa kama wa kwanza. Kwenye wimbo wa tatu mpigaji hakuchelewa, isipokuwa alikuwa anapiga wimbo mwingine kabisa, na anaupiga kwa kujiamini. Kwenye wimbo wa nne besi ilinyamaza ghafla katikati, na kwenye kipaza sauti kilichokuwa mbele ya spika yake ikasikika sauti ya kijana, nyororo, haina hata chembe ya wasiwasi.

"Tumefika wapi?"

"Kiitikio," ikajibu sauti ya mpiga ngoma, akiendelea kupiga.

"Cha kwanza?"

"Cha mwisho."

Radi alihisi masikio yanawaka moto. Alitaka kumlaumu mtu, na kwa mara ya kwanza katika miaka arobaini na mitano akatafuta wa kumlaumu asimpate. Kijana yule anayeuliza amefika wapi alikuwa yeye. Ile mikono ilikuwa hii hapa, imelala mapajani.

"Tuishie hapo?" fundi aliuliza.

"Endelea," Radi alisema, kwa sababu aliona aibu hata kukimbia.

Wakaenda mpaka mwisho wa wimbo wa saba. Ikasikika besi inawekwa chini, hatua za viatu, mluzi wa kijana mwenye furaha zake, mlango ukafungwa. Kipaza sauti kikabaki wazi. Baada ya kitambo sauti mbili zikaanza kuzungumza mle ndani. Moja ilikuwa ya fundi wa zamani. Ya pili Radi aliitambua kabla haijamaliza neno.

"Huyu tumtoe," alisema yule fundi. "Chukua besi upige mwenyewe. Saa moja tumemaliza."

"Hapana. Jumamosi anamwoa dada yangu."

"Sasa tufanye nini?"

"Ishushe. Ishushe mpaka isisikike."

"Atauliza."

"Akiuliza, nitasema ni mimi niliyetaka. Bora aseme nina roho mbaya kuliko ajue."

Kanda ikaisha, ikawa inapiga mkia wake kwenye gurudumu. Fundi aliishusha miwani kutoka kichwani na kuanza kusoma kwa makini sana karatasi isiyokuwa na maandishi.

Bila shaka yote yangeishia baina ya watu wawili waungwana, kama mkurugenzi asingekuwa amesimama mlangoni. Alikuwa ameingia kwenye wimbo wa nne, na macho yake yalikuwa yamejaa machozi ya kweli, yale ya biashara.

"Mzee," alisema, "hii ni dhahabu."

"Ishushe," Radi alisema.

"Haishuki. Sharti umeweka wewe, na matangazo yameshatoka. Halafu kwa nini uishushe? Watu wamechoka na ukamilifu. Kila kosa humu ndani ni ubinadamu. Lile la wimbo wa tatu peke yake linastahili kurasa mbili kwenye kitabu." Akavuta kiti karibu. "Na yale mazungumzo tunayaweka mwisho wa santuri ya nne. Nimeshapata jina. *Ishushe Mpaka Isisikike.* Watu watalia, nakwambia."

"Siruhusu."

"Lakini sauti yako haimo, mzee. Wewe ulikuwa umeshatoka, mlango tumeusikia ukifungwa. Fundi yule alifariki. Ruhusa ni ya shemeji yako, na karatasi nilimtumia tangu huyu fundi wetu aliponigusia." Akamwekea mkono begani, kama Radi alivyokuwa akiwawekea wageni wake. "Unasikika, mzee. Si ndicho ulichokitaka?"

Radi alishuka ngazi, akapita kwenye vumbi la duka la mbao na kutembea mpaka kwake bila kumwona mtu. Besi ilikuwa imeshamtoka mikononi, hilo alilielewa. Wazee wenye vitambi wangemcheka, na wacha wacheke. Kilichomuuma ni yale mazungumzo. Mapacha wake wangeyasikia. Mke wake angeyasikia, akae ajiulize ameishi na mtu wa namna gani, mtu aliyemtukana kaka yake mezani kwake mwaka baada ya mwaka kwa kosa la kumfadhili. Mtu mmoja tu aliweza kulizuia jambo hilo, na mtu huyo hakuwa na sababu hata moja ya kumtendea Radi hisani nyingine.

Asubuhi alivaa shati la kutokea.

"Nakwenda kumsalimia kaka yako," alisema.

Mama Pacha alikuwa anakunja nguo. Katika ndoa yao yote alikuwa hajawahi kusikia sentensi hiyo, lakini alimaliza kwanza kukunja shati alilokuwa nalo. "Vizuri," alisema. "Ila ukifika zungumza kwa nguvu. Masikio yake mwaka huu yamekwisha kabisa. Yale magitaa yenu."

"Sikujua."

"Utajuaje, na humwendei?"

Shemeji alikuwa akiishi kwenye nyumba za ghorofa zilizozunguka uwanja mmoja wa saruji wa kuanikia nguo. Kibaraza chake kilikuwa chini, kimetazama uwanja huo, na Radi alimkuta hapo na msasa mkononi, anausugua mguu wa kiti kilichovunjika. Aliinuka, akampisha kwenye benchi, hakuonyesha kushangaa.

"Karibu, shemeji."

Njiani Radi alikuwa amepanga maneno mengi yenye kuzunguka. Yakamkimbia yote.

"Shemeji," alisema kwa sauti ya chini, "nimesikia ile kanda. Nilikuwa napiga vibaya."

Shemeji aliweka mkono nyuma ya sikio. "Eeh?"

Radi alimsogelea. "Nimesikia kanda. Nilikuwa napiga vibaya."

"Panda kidogo, shemeji. Sikupati."

Mama mmoja aliyekuwa anaanika shuka aligeuka kutazama. Radi alimwona. Aliona pia madirisha yaliyo wazi, manne, matano, na mzee wa juu aliyeketi na redio yake. Aliwahi kuota mara nyingi siku ambayo watu wangenyamaza ili wamsikilize yeye, lakini hakuwahi kuiota hivi. Akasimama. Akavuta pumzi kutoka tumboni.

"Nilikuwa napiga vibaya! Albamu nzima! Wewe ukanificha, na mimi nimekutukana miaka arobaini na mitano!"

Mzee wa juu alizima redio. Kwenye dirisha moja mtu aliuliza kuna nini, na mama wa shuka akamjibu kwamba kuna mzee anakiri alikuwa anapiga vibaya.

"Kampiga nani?"

"Hajasema bado."

Radi alirudi kwenye benchi. Macho yalikuwa yamemlowa na hakujaribu kuyafuta. Alizungumza akitazama sakafu, kwa sauti ambayo hata yeye aliisikia kwa shida.

"Wamekuletea karatasi kuhusu yale maneno yenu. Usiisaini, nakuomba. Sitaki Mama Pacha ayasikie."

"Nilikataa tangu Jumatatu," alisema shemeji. "Ya besi sikuweza kuizuia. Hiyo uliiandika kwa mkono wako."

Radi aliinua kichwa. "Umenisikia?"

"Nasikia vizuri tu."

"Mama Pacha amesema masikio yako..."

"Najua alichosema. Alinipigia simu ukiwa njiani. Akaniambia ukija, nisikusikie mpaka mara ya tatu."

Shemeji alichukua msasa wake, akasugua mara mbili tatu, akapuliza vumbi. Radi aliushika ule mkono wenye msasa.

"Anajua?"

"Anajua tangu Ijumaa ile, siku moja kabla ya ndoa yenu. Nilimwendea mwenyewe nikamwambia, dada, fikiri vizuri, huyu kijana besi hajui kabisa, na hajui kwamba hajui."

"Akasemaje?"

"Akasema yeye haolewi na besi. Ila akaniomba nisikwambie kamwe, maana alikuwa hajawahi kumwona mtu mwenye furaha kiasi kile kwa kitu asichokiweza."